Maziwa Baada ya Misa

"Mangobo muzima, hakuna mwanamuke anafunga kwanga kama miye," Orpha aliwaambia wateja wake katika soko la mtaa huo, akilipiga kofi fungu la mkate wa muhogo uliofungwa majani, kama mgongo wa mtoto mnono. Kisha akaangalia chini. "Zile za jana zenye zilifunguka ndani ya sufuria, muziache. Zile nilifunga nikiwa nalala."

Wanawake wa sokoni walicheka. Yeye hakucheka. Mgongoni mwake Glodi, mtoto wake wa miezi minne, alikuwa ameharisha tena, na joto la ule uharo lilipenya liputa, kitenge alichombebea, mpaka kiunoni. Mara ya tano tangu alfajiri.

Kwanga ni kazi ya pua. Muhogo unalowekwa siku tatu, pengine nne, na hakuna saa ya ukutani itakayokuambia umeiva. Unainama juu ya pipa, unanusa, unajua. Mwenye pua mbaya huuza uchungu. Orpha alikuwa na pua nzuri tangu utoto wake kule Yanonge. Lakini asubuhi ile, nyuma ya meza yake, alikuwa amekamua maziwa yake kiganjani, akayanusa, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akayanusa tena. Matamu kidogo. Vuguvugu. Pua haikumwambia kitu.

Kosa lilikuwa la Jumapili.

Kwao, watu wa mto, mwanamke anayenyonyesha halali na mumewe mpaka mtoto atembee. Husemwa kwamba maji ya mwanaume hupanda kifuani, yakaharibu maziwa, na mtoto akaumwa. Ndiyo maana mzazi hurudi kwa mama yake. Mama yake Orpha alikuwa ameshakufa. Basi mama mkwe, Mama Angèle, akaja kutoka Isangi na mkeka wake, akautandika mlangoni pa chumba cha wanandoa, akalala hapo kama kufuli. Kufuli lenye kukoroma, lakini kufuli.

Jumapili kufuli likaenda misani. Na padri wao ni mtu wa mahubiri marefu, Mungu ambariki. Eddy, mume wa Orpha, anayeendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, alirudi nyumbani mapema kwa sababu ya tairi lililopasuka, tairi ambalo ukilitazama vizuri halikuwa na tundu lolote. Orpha naye alikuwa amemtamani, tusimwekee Eddy mzigo wote. Ila mwili wake ulikuwa mkavu kama ganda la muhogo juani. Iliuma. Akang'ata meno, akanyamaza, akadhani adhabu imeshaanza.

Mama Angèle aliporudi alimkuta mwanawe akipiga mluzi na kufagia uwanja. Eddy, kufagia! Mama mkwe alimchukua mjukuu wake, akaenda naye nyuma ya nyumba, sakoshi kwapani, akimwimbia.

Jumatatu mtoto akaanza kuharisha. Jumanne Mama Angèle akauliza:

"Ulilala na bwana yako?"

"Hapana, Mama."

"Bon. Kama mupaka kesho jioni tumbo haijafunga, tunakata titi. Natia pilipili kwa chuchu, mutoto anakula bouillie. Na weye unarudi Yanonge kwa tonton yako, ndugu ya mama yako, mupaka atembee."

Kesho ndiyo ilikuwa leo. Orpha alikuwa amewaona watoto wa uji wa miezi minne. Mmoja, wa jirani, alizikwa kabla ya kuota jino.

Kwa hiyo kabla ya saa sita alimwachia meza Josée, muuza ndizi wa pembeni, akapita nyumbani kubadili liputa, akaelekea kituo cha afya. Mama Angèle akamfuata nyuma, sakoshi kwapani, mdomo umefungwa.

Muuguzi, Mama Nuru, alimpima Glodi, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akamwomba bibi asubiri kwenye benchi nje. Akafunga mlango.

"Ongea."

"Mama Nuru... kama mwanamuke moja, rafiki yangu, ananyonyesha, halafu analala na bwana..."

"Huyo rafiki yako, jina yake nani?"

Orpha alitazama miguu yake. "Orpha."

Mama Nuru hakucheka, ingawa shavu moja lilimsaliti. "Sikia, mwanangu. Maji ya bwana haipandake kwa titi. Njia haiko. Maziwa yako iko muzuri, uendelee kumunyonyesha, sana kuliko zamani."

"Na kule kuuma? Nilikuwa mukavu. Nilisema ni Mungu."

"Mungu iko na kazi ingine. Ni kunyonyesha ndiyo inakausha, wengi inawapata. Iko mafuta ya dawa, nitakupa. Si mawese! Usicheke, kuna wenye wanajaribu. Na umwambie Eddy asikimbie sawa mutu mwenye kubeba abiria. Siku inauma, unamwambia. Siku hautaki, hautaki. Mimba nayo tutaongea. Iko njia zenye hazigusi maziwa."

Orpha alimpakata Glodi vizuri mapajani. "Alors, kama si maziwa, ni nini inamuua mutoto wangu?"

"Hiyo ndiyo natafuta. Mutoto wa titi peke yake haharishi hivi bure. Kitu kiliingia. Nani mwingine anamushika?"

Orpha aligeuza macho mlangoni. Mama Nuru akafungua mlango.

"Mama Angèle, ingia. Ulimupatia mutoto kitu? Maji? Dawa ya majani?"

"Miye?" Mama Angèle alijishika kifua. "Tangu nilitoka Isangi, hata tone! Nilizaa tisa, utanifundisha? Ngoja nikuapie mbele ya Bikira."

Akaingiza mkono kwenye sakoshi, akaivuta rozari. Ikakwama. Akaivuta kwa nguvu.

Ilitoka imejiviringa kwenye poire, ule mpira mwekundu wenye mdomo mwembamba ambao akina bibi hutumia kumpigia mtoto maji ya majani na pilipili kwa nyuma, kusafisha tumbo. Ukaning'inia kando ya msalaba, ukizunguka polepole. Tone la kijani likadondoka kwenye saruji. Kisha la pili.

Mama Angèle alibaki ameinua mkono, kana kwamba kiapo bado kinaendelea. Mapajani pa mama yake, Glodi aliufuata ule mpira kwa macho, huku na huku.