Manyoya Matatu ya Bibi Harusi

Mwenye kufuga kuku uani, na nyumbani ana mtoto anayemwangalia mikono, asikie yaliyompata fundi cherehani mmoja, mjane, aliyekaa chumba cha mwisho katika nyumba ya shangazi wa marehemu mumewe.

Kila mpangaji aliruhusiwa kuku, lakini jogoo marufuku. Mlinzi wa zamu ya usiku alilala asubuhi, na Shangazi mwenyewe hakupenda kelele isipokuwa zake. Basi vifaranga wakitimiza wiki sita, Shangazi hutoka na kigoda, akaita, "Haya, leteni!" Humshika kila mmoja miguu, akamning'iniza kichwa chini. Anayetulia ni tembe, kuku jike, anabaki. Anayeinua kichwa ni pora, jogoo wa kesho, anatiwa kwenye tenga kungoja kisu. Hakuna aliyehoji. "Mkono huu," alisema Shangazi, "haujakosea tangu nivunje ungo."

Ulikosea. Mwaka uliotangulia alimshuku kuku aliyekwisha kukua, mwenye upanga mwekundu kichwani, akampima, akamhukumu, na fundi ndiye aliyepewa kumpasua. Alipotia mkono tumboni alikuta viini vya mayai, vikubwa kwa vidogo, vimefuatana kama shanga. Akavifunika na utumbo, akatupa, akanyamaza. Anayekaa kwa hisani hula akafuta mdomo.

Mwaka huu ugonjwa ulifagia vifaranga wa fundi, akabaki mmoja mweupe. Binti yake wa miaka tisa alimlea ndani ya boksi chini ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa, akamwita Bibi Harusi. Wiki ya sita ikafika. Shangazi alimning'iniza Bibi Harusi, naye akainua kichwa kama jirani aliyesikia umbea.

"Pora. Tengani."

Mtoto hakulia. Alimtazama mama yake tu, na fundi akaona afadhali angelia.

"Hapana, Shangazi."

Mama Pacha, jirani wa chumba cha pili, aliacha kusuuza nguo.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Kuning'inizwa si kipimo. Hata mimi ukinishika miguu nitainua kichwa."

Mama Pacha akapaliwa na kicheko.

"Mke wa mwanangu, mdomo huo umeutoa wapi?"

"Ninao siku zote, nilikuwa nimeufumba. Nipe hadi atimize miezi mitatu. Manyoya ya kiunoni, hapa karibu na mkia, yakitoka membamba yenye ncha kali, ni jogoo. Yakitoka mapana yenye ncha ya mviringo, ni tembe. Akiwa jogoo nitamleta mwenyewe, mchana kweupe."

"Na ukiniletea longolongo?"

"Nitahama."

Neno lilikwisha toka. Angehamia wapi na cherehani na mtoto? Lakini neno si shati, hulivui ukalikunja.

Kila asubuhi kabla ya kushika kazi alimkagua kuku. Upanga ukawa mwekundu. Miguu ikanenepa.

"Wa kike nao wapo wenye miguu minene," binti alimtetea. "Hata Shangazi."

"Shika adabu," alisema fundi, akageuka ukutani asionekane anacheka.

Siku moja kabla miezi mitatu haijatimia, alimpakata Bibi Harusi, akayafunua manyoya ya kiunoni. Mengi yalikuwa bado ya utoto. Matatu mapya yalikuwa yameshachomoza, membamba, yanang'aa, yamechongoka kama uzi uliolowekwa mate kuingizwa kwenye sindano. Akayapapasa mara mbili, mara tatu. Vidole vyake havikuwa na la kumficha.

Hapo ndipo shetani alipomwonyesha mkasi mdogo wa matundu ya vifungo. Mikono iliyokata kola za watoto miaka yote ile ingeshindwaje na unyoya? Akakata ncha moja, ikawa mviringo. Ya pili. Ya tatu. Kazi safi, hata fundi mwenzake asingeigundua.

"Mama, unamfanya nini?" Binti alikuwa mlangoni na ndoo ya maji.

"Namrekebisha kidogo."

"Kwani ameharibika?"

Akauweka mkasi chini. Kumbe yeye aliyemnyooshea Shangazi kidole ameketi hapa anashona uongo wake, na mwanawe anajifunza mshono. Leo manyoya, kesho daftari la shule, keshokutwa nini?

"Hajaharibika," alisema. "Ni jogoo. Mimi ndiye niliyekuwa naharibika. Tua ndoo, twende."

Hakungoja kesho. Alimkwapua kuku, akasimama katikati ya uani.

"Shangazi! Toka na kigoda chako! Huyu ni jogoo. Manyoya haya matatu nimeyakata mimi nikitaka kukudanganya. Sikuweza, nimekuja kusema."

Shangazi alitoka, akakalia kigoda, akacheka hadi akajishika mbavu. "Si nilisema? Mkono huu..."

"Mkono huo ulibahatisha!" Fundi alimpa binti jogoo, akamdaka kuku mkubwa wa Shangazi, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kutaga, akamning'iniza. Kuku akainua kichwa, akautazama ua wote. "Haya, na huyu tumtie tengani? Yai lake bado la moto!"

Watu wakavunjika mbavu. Mlinzi alitoka amejifunga shuka. "Jamani, si bora hata huyo jogoo!"

"Na yule wa mwaka jana," fundi aliendelea, "nilimpasua mimi. Alikuwa na mayai tumboni. Nikanyamaza, na wewe ukala paja."

Kicheko kikakatika. Shangazi akasimama. "Utatoka nyumba hii."

"Tulipatana nihame nikileta longolongo. Nimeleta jogoo. Na sheria yako inasema asikae uani, haikusema asikae duniani. Yule mfyatua matofali wa mtaa wa pili ana mitetea sita bila dume. Anakwenda huko leo, na roho yake."

Shangazi alitafuta wa kumuunga mkono. Mama Pacha alikuwa ameinamia beseni, na mlinzi alikwisha rudi kulala. Akabeba kigoda, akaingia ndani, mlango ukalia.

Binti alimpeleka jogoo mwenyewe. Aliporudi, macho mekundu, aliketi chini ya cherehani kando ya boksi tupu, akalia. Fundi hakumwambia nyamaza. Alikanyaga cherehani polepole, asimguse na mguu.

Amri ya kuhama haikuja, wala salamu hazikuja. Wiki ilipopita, Mama Pacha alisimama mlangoni na kifaranga ndani ya beseni.

"Hebu mwangalie huyu, fundi. Pora au tembe?"

"Ana wiki ngapi?"

"Tano."

"Basi mimi sijui," alisema fundi, akapaza sauti ifike dirisha la Shangazi. "Na wewe hujui. Na aliyeko mle ndani naye hajui! Mrudishe kwa mama yake, mumlishe, mngoje."