Picha Zisizo na Mwenyewe

Jina la Mzee Tabasamu lilitoka studioni kwake. Kila aliyeketi mbele ya kamera yake aliambiwa, "Tabasamu kidogo, dunia haijaisha," mwishowe jina likamganda mwenyewe, ingawa hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Miguu ilipokataa kusimama, studio ikafungwa, na picha zake zote zikahamia nyumbani, ndani ya diski mbili za nje zilizokaa kando ya kompyuta sebuleni. Kila alasiri mzee aliketi hapo akiendelea na kazi ya maisha yake: kuchambua. Picha mbovu hailali kwangu, alizoea kusema. Aliyefumba macho alifutwa, aliyetikisika alifutwa, kisha pipa la kompyuta likamwagwa, kama mtu anavyofagia duka kabla ya kufunga.

Binti yake mkubwa alishona sare za shule mchana, na jioni alisoma kompyuta pamoja na vijana wa rika la wanawe. Yeye ndiye aliyeachiwa kazi ya kuchagua programu ya kutunza nakala za picha hizo. Mama yao alikuwa amefariki, na sura yake haikuwa na makao mengine.

Mdogo wake, fundi wa simu, alikuwa amekwisha kuweka moja tangu mwezi uliopita.

"Hii ndiyo yenyewe, dada. Ya bure, na mbio zake kama swala. Inazifanya diski mbili kuwa pacha. Unachoweka huku, na kule kipo."

"Kipya kinyemi. Na nikitoa huku?"

"Utoe ili iweje? Wewe na masomo yako ya jioni utatuletea mitihani mpaka sebuleni!"

"Ndiyo, ninaileta. Mwalimu kasema nakala ambayo hujawahi kuirudisha, usijidanganye kwamba unayo."

Alikuwa na programu nyingine mkononi, nzito kidogo, iliyotaka diski kubwa zaidi kwa sababu ilitunza picha jinsi zilivyokuwa kila siku, hata kama kesho yake zimefutwa. Akasema hatachagua kabla ya kuzijaribu zote mbili.

Jumamosi, baba akiwa amejinyoosha chumbani, aliketi mbele ya kompyuta akaomba kimya, kama alivyoomba kila mara kabla ya kukata kitambaa cha mtu. Picha ya kujaribia aliijua: mama kwenye mlango wa studio, akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Akafungua folda ya mama.

Tupu.

Akafungua diski ya pili. Nayo tupu. Zilikuwa pacha kweli.

Mdogo wake alifika akapapasa nyaya, akasikiliza diski kwa sikio. "Imechoka hii," alisema. Lakini haikuchoka. Arusi za watu zilikuwamo, na wanafunzi, na timu za mpira. Zilizokosekana, hapa na pale, ni sura za watu wa nyumbani.

Alasiri ile dada alichukua sketi ya kupinda akaketi nyuma ya baba. Mzee alivaa miwani, akafungua folda ya mjomba wao, ndugu wa marehemu mama.

"Huyu nani?" alijiuliza kwa upole. Akangoja, kama mtu aliyebisha hodi na hajasikia jibu. Kisha akabonyeza. Picha ikaondoka.

"Na huyu? Hana mwenyewe." Akabonyeza tena.

Mjomba akaisha, tabasamu moja baada ya jingine. Mzee akamwaga pipa, akavua miwani. "Nimesafisha," alisema.

Sindano ilimchoma dada kidoleni, asiisikie. Walijua kwamba majina yalikuwa yakimtoroka baba. Walidhani sura zimebaki. Na studioni sheria yake ilikuwa moja: picha isiyo na mwenyewe inakula nafasi ya wenye picha zao.

"Tumfungie kompyuta," mdogo wake alisema walipotoka uani.

"Ukimfungia hiyo, utamwachia nini?"

"Atatumaliza wote, dada!"

"Atumalize huku. Kule tutabaki."

Kijana alitazama chini. "Ile pacha niliiweka mimi. Kila alichofuta huku, nimemsaidia kukifuta kule."

"Hukujua, mdogo wangu. Na mimi sikuuliza mapema."

Kabatini, ndani ya kitambaa cha kichwa cha mama, kulikuwa na diski ya zamani iliyosahauliwa. Mama wa mlangoni alikuwamo, akicheka. Lakini mwaka wake wa mwisho, kile kitanda karibu na dirisha, ule mkono ulioshika kikombe, haukuwamo. Fundi alihangaika mpaka macho yakamwiva. Mahali pa picha zile palikwisha kuandikwa picha nyingine. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Wakainamisha vichwa, na dada akaomba kwa sauti ndogo. Hakuomba picha zirudi. Aliomba wasije wakamchukia baba.

Ile programu nzito ndiyo iliyobaki. Waliweka kila kitu upya kwenye diski mpya kubwa, wakangoja ikusanye nakala, ndipo dada akamfuta mama wa mlangoni kwa kidole chake mwenyewe, akamwaga pipa. Kisha akafungua nakala ya jana yake na kumwita arudi. Akarudi, kiganja mdomoni.

"Haya, umefaulu," alisema mdogo wake, akageuka kufuta uso.

Jumatatu alasiri baba aliketi kazini. Dada alikuwa nyuma yake na kola ya shati mkononi. Kwenye kioo cha kompyuta akatokea msichana aliyeshika sare ya kwanza aliyoishona mwenyewe.

"Huyu nani?" Safari hii mzee aligeuka, akamtazama yeye. "Wewe unamfahamu?"

"Namfahamu, baba."

"Ana mwenyewe?"

"Anaye."

"Basi mwambie aje aichukue. Nimemwekea muda mrefu." Akaitazama tena, akangoja kama aliyebisha hodi mlangoni asijibiwe na mtu, kisha akabonyeza.

Taa ndogo ya diski mpya iliendelea kupepesa kando ya kiwiko chake.

"Nitamwambia," dada alisema, akarudisha sindano kwenye kola.

"Alitabasamu vizuri, lakini," alisema mzee, akafungua picha iliyofuata.