Kikombe cha Kuonja

Nilimwambia Daktari Ndalahwa kwamba kwetu ni Kaengesa, karibu na misheni, na kwamba baba yangu alishafariki. Uongo wa pili ulinitoka kirahisi kuliko wa kwanza. Anayetaka kazi husema lolote, na mimi kazi ile niliitaka: kufuatana na watafiti nyumba kwa nyumba hapa Sumbawanga, nikiwatafsiria wazee wanaojisikia vizuri zaidi kwa Kifipa. Utafiti wao ulihusu watu wanaokunywa pombe na huku akili zao zinaumwa. Kwa mji wetu wa miaka ile, wangeweza kukaa hapa mpaka uzee.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Malori ya watu binafsi yalipanda Ufipa kununua mahindi, shirika la umma lililokuwa likiyanunua zamani likafungwa, na wanaume waliozoea kuvaa kaunda suti wakarudi nyumbani kukaa. Wengi walikimbilia kimpumu, pombe yetu ya ulezi inayonywewa na maji ya moto. Baba yangu, Oswaldi, alikuwa mtunza ghala wa shirika hilo. Naye alipunguzwa kazi, naye akaanza kunywa. Hivyo ndivyo Chanji nzima, mtaa wetu, inavyojua.

Sasa nikwambie isivyojua. Baba alianza kusikia sauti wakati shirika bado linalipa mishahara. Nilikuwa darasa la tano, nimempelekea chakula ghalani, nikamkuta anabishana na magunia, jasho linamtoka. Pombe alikuwa hajawahi kuitia mdomoni, maana alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Nilipomsimulia mama, aliniziba mdomo kwa kiganja kabla sijamaliza. Kiganja kilikuwa na unga.

Kwetu mlevi ni mlevi tu. Akilala mtaroni watu watamcheka, watamnyanyua, kesho watamsalimia. Kichaa ni habari nyingine, kichaa ni ukoo. Kabla ya posa wazee huulizana pembeni: kule kuna kifafa? Kuna wendawazimu? Na jibu likiwa ndiyo, binti atazeekea jikoni kwa mama yake. Kwa hiyo shirika lilipofungwa na wanaume wote mtaani wakaanza kuyumba, mama yangu Bertilla aliona mlango umefunguka. Akaanza kupika kimpumu ya kuuza. Na kwa desturi yetu mgeni hanywi mpaka mwenye nyumba aonje kwanza, ijulikane haina kitu kibaya ndani yake. Mwonjaji akawa baba. Kila wakiingia wateja wapya, kikombe kingine. Akianza kuzijibu sauti zake, mama anacheka pamoja na wateja: "Mwacheni huyo, leo ameonja sana."

Na mimi nilicheka nao. Nilikuwa na Enock, kijana wa duka la vipuri, na watu wake walikuwa wanajiandaa kuleta posa. Mkwe mlevi walishamkubali. Enock mwenyewe aliniambia, "Mzee wako poa tu, anapenda vyake."

Kwa muda wote wa utafiti niliwakwepesha Chanji. Nikasema kule hakuna vilabu, nikasema barabara mbaya. Sijui walionaje. Halafu asubuhi moja mzee fulani akamwambia daktari, kwa Kiswahili safi hata nisiweze kukipindisha, kwamba Chanji kuna mama anapika kimpumu nzuri na mumewe huongea na ukuta. Daktari akanigeukia na kusema, "Victoria, twende." Nilikwenda. Ningesemaje?

Wateja walikuwa hawajafika. Mama alikuwa anakoroga chungu. Aliniona, akamwona daktari na mkoba wake, akaelewa, na hapohapo akasahau Kiswahili. Mwanamke anayewatoa jasho wauza mitumba kwa Kiswahili siku hiyo alijibu kila kitu kwa Kifipa, macho chini, kama kapanda jana kutoka kijijini Milepa.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

Mzee. Baba yangu mzazi, nikamwita mzee, kama nimepishana naye sokoni.

Alinitazama. Akatazama kitambulisho nilichokuwa nimekibandika kifuani, akamtazama daktari, akarudi kwangu. Sauti zake zinaweza kumpoteza siku nzima, lakini pale hakuwa amepotea hata kidogo. "Marahaba, binti," alisema kwa Kifipa. "Umetoka mbali?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Alikuwa ananisaidia kusema uongo.

Daktari akavuta kiti, akauliza taratibu, nami nikatafsiri. Analala usiku? Kidogo. Husikia watu wasioonekana? Wakati mwingine. Ana watoto?

"Ninaye mmoja," baba alijibu. "Amesoma mpaka kidato cha nne. Anakaribia kuolewa."

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

Nikatafsiri hata hilo. Sauti yangu ilitoka vizuri tu, na hapo ndipo nilipojichukia.

Daktari akamgeukia mama. "Mwulize kilichotangulia. Ni sauti au ni pombe?" Kisha akanieleza mimi, ili nimweleweshe vizuri. Kama ugonjwa ndio uliotangulia, mzee ataanza dawa hospitali wiki hii hii, kuna nafasi. Kama ni pombe tu, aache kwanza, watamwona watakaporudi.

"Mtarudi lini?" nikauliza.

"Sina hakika kama tutarudi."

Nikamwambia mama yote, neno kwa neno, na nikaongeza la kwangu kwa Kifipa: mama, sema kweli. Aliendelea kukoroga. "Ni pombe," alisema. "Mwambie ni pombe tu. Na wewe ufikirie wageni wako wa posa Jumapili."

Nikamgeukia daktari. "Anasema ni pombe."

Daktari akaandika, akafunika kalamu yake. Basi, imekwisha. Mama akafurahi, na mtu aliyefurahi hukumbuka adabu: mgeni haondoki mdomo mkavu. Akachota, akaongeza maji ya moto, akampa baba kikombe aonje kwanza kwa ajili ya daktari.

Baba alikipokea kwa mikono miwili. Kabla ya kukipeleka mdomoni alinitazama, akanitikisia kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu anayekwambia usijali, naimaliza hii kazi. Nikakumbuka magunia yale na mtu wa kanisa aliyekuwa hajui hata ladha ya pombe.

"Asinywe," nikasema.

Daktari akashangaa. "Nani?"

"Baba. Huyu ni baba yangu. Nilikudanganya, Daktari, baba hajafa." Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikaendelea nayo hivyo hivyo. "Sauti zilianza kabla ya pombe. Nilikuwa darasa la tano, nilimwona mwenyewe. Pombe tulimpa sisi, ili aitwe mlevi."

Kiswahili cha mama kikarudi ghafla. "Victoria, umejichimbia kaburi," alisema. Akakaa chini kando ya chungu na kujifunika uso kwa kanga. Daktari alifungua tena kalamu yake, lakini hakuandika.

Baba ndiye aliyesema, kwa Kifipa, polepole, huku akikitazama kikombe ambacho bado alikuwa amekishika. Aliyasema hayo kwangu, na safari hii aliniita mwanangu.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

Kutafsiri ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikatafsiri.

"Anauliza kama sasa anaruhusiwa kuacha. Anasema hajawahi kuipenda."