Kigoda cha Pili

Kitu gani ukikitoa kinazidi?

Usikimbilie kusema shimo. Shimo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, na ukinijibu shimo nitakudai mji, tena mji wenyewe niuchague mimi. Kaa nacho tu kifuani wakati nakueleza habari za fundi saa. Jibu limo humo humo.

Jumanne moja, saa kumi jioni, fundi saa alikuwa chumba cha mbele nyumbani kwake, kioo cha kazi jichoni, anajaza maji kwenye beseni. Beseni lenyewe lilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati. Alilijaza kwa bomba la sindano, matone matatu, kisha akafuta meza kwa kitambaa, kwa sababu tone la nne lilikwenda pembeni.

Beseni lilikaa mlangoni pa nyumba ya kadibodi, na nyumba hiyo ilikuwa katikati ya mtaa uliojengwa wote juu ya ubao mmoja mkubwa kama mlango. Ulikuwa mfano wa mtaa aliokaa mwenyewe: duka la dawa, karakana ya seremala, mfereji wenye kona mbaya, nguzo saba za umeme. Fundi aliujenga kwa miaka minne, kwa kadibodi, nyaya za saa mbovu na njiti za kiberiti, na mtu mzima wa mtaa huo alikuwa na kimo cha njiti moja. Watu wenye mapenzi ya kazi hii walikuwa na chama chao pale mjini, na mitaa yao ya mezani waliiita vijimtaa.

Mwaka wa tatu wa ujenzi alimtengeneza marehemu mkewe. Alitumia kijiti cha kuchokolea meno na pindo la gauni lake la zamani, akamkalisha kwenye kigoda mlangoni, beseni mbele yake. Asubuhi yake maji yalikuwa yamepungua, na kwenye kamba palikuwa na nguo imeanikwa. Tangu siku hiyo mkewe alifua, alifagia, alikaa. Neno hakusema, lakini hata enzi za uhai wake hakuwa msemaji. Fundi akaongeza kujaza beseni katika kazi zake za jioni, kama mwenye kuku anavyoongeza kufungia kuku.

Tatizo lilikuwa kikohozi.

Seremala wa kweli alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Kila alipopiga msumeno, unga wa mbao ulipita chini ya mlango ukapanda mpaka mezani. Kwa mtu wa kimo cha njiti, chembe moja ya unga huo ni ngumi. Mke wa fundi alikohoa mchana kutwa, mkono wa kulia mdomoni. Fundi alijaribu kuufunika mtaa kwa nailoni. Nailoni ikatoka jasho kwa pumzi za mkewe, naye mke akawa anaigonga kwa ndani, ikabidi ifunuliwe. Basi fundi akaenda kwa jirani.

"Hizo mbao huwezi kuzikatia nje?"

"Nje nitazianika kwenye mvua, fundi? Kwani nani anakohoa huko kwako?"

"Mama watoto."

"Bado tu? Mpe pole sana," akasema seremala, akashika tena msumeno.

Kwa hiyo fundi aliposikia zawadi ya mashindano ya mwaka ule, usingizi ulimpaa. Kijimtaa kitakachoshinda kingewekwa ndani ya kabati la kioo katika ukumbi wa maktaba, mwaka mzima. Kabati lilikuwa na matundu ya hewa yenye wavu mwembamba, na taa yake ndani. Kibanda cha fundi, alikotengenezea saa mchana, kilitazamana na maktaba, ng'ambo ya barabara, hivyo angekuwa akimwona mkewe dirishani huku anafungua saa za watu. Kioo cha ukubwa ule alishakiulizia mwenyewe madukani, bei ikamshinda.

Mashindano yalikuwa ya picha. Vijimtaa ni vitu vya kuvunjika, na chama kiliwahi kupoteza kanisa zima na nusu ya soko kwenye mkokoteni, ndiyo maana waamuzi walitazama picha moja ya kila mtu, basi. Kanuni ya nne ilisema picha isiguswe kwa kompyuta wala kwa simu, si kuongeza, si kupunguza.

Fundi alikuwa na binti mmoja tu, na huyo alifanya kazi studio. Mchana kutwa alikaa mbele ya kompyuta akifuta chunusi za watu, akifuta wapita njia, akifuta waume walioachwa kwenye picha za harusi. Alikuwa na mkono mwepesi. Watu walitoka mbali kuja kumwambia "nitolee huyu," naye alimtoa, na mahali alipokuwa huyo pakaota ukuta au majani.

Alikuja na kamera Jumatano.

"Mama atulie," alisema akiwa ameinama.

"Mwambie mwenyewe. Yupo."

"Mama, tulia kidogo tu."

Akatulia. Kamera ilipolia, seremala naye alikuwa kazini, na mkono wa kulia ukapanda mdomoni. Kwenye picha kila kitu kilitoka wazi, hata kutu ya nguzo, ila mkono huo ulikuwa kama moshi. Binti akapiga nyingine nne. Zote mkono ulikuwa moshi.

"Mtu wa kijiti hasogei, baba. Waamuzi wataona huo mkono waseme tumeuchezea."

"Tuma hivyo hivyo. Kusogea kasogea kweli."

Binti akaondoka na kamera yake. Kesho yake jioni alipopita kumsalimia, baba yake alimimina chai vikombe viwili.

"Umetuma?"

"Nimetuma."

"Hukuigusa?"

"Chai inapoa, baba."

Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Fundi aliinywa, ikamuunguza ulimi, wala hakuuliza tena siku hiyo.

Siku ya tatu baada ya hapo, vitu vikaanza kufika mtaani. Cha kwanza kilikuwa nguzo ya umeme iliyopinda, nyekundu chini, imelala mbele ya duka la dawa. Fundi alizihesabu nguzo zake, zilikuwa saba, zimenyooka. Kisha likaja donge la gundi lenye alama ya kidole gumba, kisha kona ya friji, kisha kipande cha ukuta mweupe wenye ufa, chepesi kama ganda la kitunguu. Vyote vilikuwa na kimo cha mtaa ule. Mkewe alivifagia mpaka mwisho wa mfereji akavirundika pale, akarudi kukaa na kukohoa.

Fundi aliitambua nguzo. Aliiona kwa macho yake kwenye mkutano wa chama, katika kijimtaa cha muuza rangi, mtu waliyemwita Bwana Rangi, na siku ile wote walimcheka kwamba umeme wake unapita umelewa. Akamwonyesha binti yake.

"Vilivyofutwa kwenye picha za mashindano vinakuja hapa," alimwambia.

Binti alivitazama. "Na vya studio mbona haviji? Mimi nafuta watu kila siku."

"Pengine havina mtaa wa kimo chao."

"Pengine," alisema binti, akaaga mapema.

Ijumaa iliyofuata matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa maktaba. Wa kwanza, Bwana Rangi. Fundi saa alikuwa wa kumi na moja kati ya kumi na wawili, na mbele ya jina lake waamuzi waliandika: "Kazi safi sana. Ila kigoda kipo, beseni lipo, na hakuna aliyekaa. Mtaa usio na mtu ni ghala."

Fundi alisoma mara mbili. Akasema moyoni kuwa waamuzi wana matatizo ya macho. Akarudi nyumbani, akachukua kibano, akaingiza nguzo, gundi, kona ya friji na ukuta ndani ya kasha la kiberiti, akarudi tena maktaba.

Katibu wa chama alikuwa mama mtu mzima, mkutubi, mwenye miwani mbili: ya kusomea na ya kukutazamia. Alimkuta mezani kwake. Bwana Rangi naye alikuwepo, amepiga magoti, anapaka vanishi miguu ya kabati la kioo.

Fundi akafungua kasha. Mama Katibu akabadili miwani.

"Hii nguzo yako, Bwana Rangi?"

Bwana Rangi alichungulia na brashi mkononi. "Yangu. Na gundi yangu. Na friji ya mke wangu hiyo, ilikuwa inatokeza nyuma. Kumbe vimefika kwako, fundi? Kaa navyo tu, mimi sina haja navyo."

"Ulivifuta," alisema fundi.

"Nilivipunguza. Sikuongeza hata chembe. Wewe ukinyoa ndevu kabla ya kupigwa picha, umemdanganya nani?"

"Ndevu zimetoka usoni," alisema Mama Katibu bila kuinua macho. "Nguzo yako ilitoka kwenye picha. Mezani kwako bado imepinda."

"Haijapinda tena. Nilipotuma picha niliinyoosha."

Mama Katibu alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Alikigeuza kile kipande cha ukuta kwa ncha ya kalamu, akakirudisha.

"Fundi, mimi nakuamini. Vitu vyenyewe hivi hapa, na mwenyewe kasema ni vyake. Lakini kanuni ya nne inasema picha isiguswe. Haisemi vilivyofutwa vikirudi tufanye nini. Waamuzi wameona picha, hawakuona kiberiti, na wameshatawanyika. Matokeo ndiyo hayo mlangoni."

"Kwa hiyo kabati linakwenda kwake."

"Vanishi yenyewe inakauka kesho," alisema Bwana Rangi, si kwa ubaya.

"Na waamuzi wako hawaoni," alisema fundi. "Wameandika kigodani hakuna mtu. Mke wangu amekaa pale, beseni liko miguuni pake."

Mama Katibu akavuta droo, akatoa picha, akaiweka mezani. Ulikuwa mtaa wa fundi, nyumba kwa nyumba. Mlango wazi. Beseni. Kigoda. Juu ya kigoda palikuwa na kivuli cha mlango, kimekaa vizuri, hakina mshono wowote. Mkono uliofanya kazi ile ulikuwa mwepesi.

Fundi aliitazama mpaka Bwana Rangi akamaliza mguu mmoja wa kabati.

"Yako haikuguswa, sivyo?" aliuliza Mama Katibu.

"Pengine alikuwa ameinuka," alisema fundi. "Huwa anaingia ndani kidogo, kuangalia jiko."

"Huenda," alisema Mama Katibu, akairudisha picha ndani ya droo. Alikuwa mtu wa heshima.

Jumamosi kabati liliwashwa taa. Kutoka kibandani kwake fundi aliuona mtaa wa Bwana Rangi, safi, nguzo zote zimenyooka, hauna chembe ya vumbi, na watu wake wa udongo hawakohoi wala hawahitaji hewa. Wateja walimkuta ameshika saa iliyo wazi, anatazama nje. Saa mbili za watu alizirudisha zikiwa zinakwenda kinyume, akaombwa azirekebishe, akazirekebisha.

Binti yake aliendelea kupita jioni. Baba alijaza vikombe. Siku moja alimuuliza tena, "Ile picha, hukuigusa?" naye akajibu kwamba studio wameleta mashine mpya. Siku nyingine akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Vitu vya Bwana Rangi vililetwa na upepo, ndiyo maana viliwahi. Huyu aliyetolewa kigodani pichani alikuja kwa miguu. Kutoka studio mpaka nyumba ya fundi ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu kama mimi na wewe. Kwa mtu wa kimo cha njiti, mwenye kikohozi, asiyependa kuuliza njia, ni siku kumi na tisa. Aliingia asubuhi ya Jumatatu kwa chini ya mlango, pamoja na unga wa mbao, akapanda mguu wa meza, akapita mfereji kwa upande wenye kona mbaya, akasimama mbele ya nyumba yake. Gauni lilikuwa lile lile. Mkono wa kulia ulikuwa bado moshi.

Aliyekuwa amekaa alimtazama, akasogeza beseni. Kigoda kilikuwa kimoja, hivyo aliyekuja akasimama. Walipeana zamu ya kukohoa. Mchana aliyekuja alijaribu kufagia, ufagio ukapita katikati ya mkono wake ukaanguka, mwenzake akauokota.

Fundi aliporudi kutoka kibandani aliwakuta hivyo. Alivua koti, akajaza beseni matone sita badala ya matatu. Kisha akakaa, akavaa kioo jichoni, akachukua njiti ya kiberiti, akaanza kuikata vipande vya miguu ya kigoda.

Binti alipoingia alikuta baba yake ameinama hivyo. Ukuta wa pili msumeno ulikuwa unakwenda. Aliweka mkoba chini, akasogea mezani, akawaona mama zake wawili, mmoja amekaa, mmoja amesimama ameshikilia fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto. Chai haikuwa imechemshwa, na vikombe vilikuwa safi, vimefunikwa.

Fundi aliendelea na kigoda. Aligundisha mguu wa kwanza, akapuliza. Akagundisha wa pili. Mguu wa tatu ulimponyoka, binti akauokota kwa kibano na kumpa, na hakukiachia kibano.

"Niliigusa, baba," alisema. "Nilimtoa mama. Mkono ulikuwa umesogea, nikaogopa watasema tumedanganya."