Kiziwi wa Ndege

Mchomelea vyuma alikuwa na mama kipofu, na mama huyo alikuwa na mkuyu nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alitoka na makombo ya mkate, akaketi kwenye benchi na kuwaita ndege kama mtu aitaye kuku wake. Kwa sauti zao alijua kumekucha, mvua inakaribia, au kuyu zimeiva. Mwanawe alipochukua shoka, mama aliukumbatia mti. "Anza na mimi," akasema.

Mwanawe hakuwa na ugomvi na miti, hakuwa na habari nayo tu. Kutwa uso wake ulikuwa nyuma ya kioo cheusi. Alichojua cha ndege ni kinyesi juu ya mageti yenye rangi mbichi, na alitaka nafasi ya kupanua banda lake.

Mama akateleza, akavunjika mguu, akalazwa. Hata plasta haijakauka, mkuyu ulishakuwa kuni. Wapangaji wa ghorofani hawakufungua hata dirisha. Jirani mshonaji, aliyezoea kushonea kivulini pale, alikuja juu. Akaahidiwa geti jipya, akashuka.

Mama aliporudi, mguu wake bado haukuweza kumfikisha palipokuwa na mti; alikaa kwenye benchi lake, akaita.

"Mbona kimya?"

Mwanawe alikuwa amejiandaa kuomba radhi. Yaliyomtoka yalimshangaza mwenyewe.

"Kimya wapi, mama? Wamejaa tele, kichwa kinaniuma kwa kelele. Huwasikii?"

"Wewe mbona nakusikia?"

"Masikio ya uzee huanza kupoteza sauti nyembamba."

Mkewe, mlangoni na sufuria, akaziba mdomo asicheke.

"Na hili jua la usoni?"

"Mti umepukutisha majani."

Mama hakuridhika. Akamwita mshonaji. "Mwanangu, usinifiche. Wanaimba?"

Mshonaji akalitupia jicho geti lake, likimeremeta upande wa pili wa njia. "Wanaimba, bibi. Leo ndiyo wamezidi."

"Basi afadhali. Wao wazima, mbovu ni mimi."

Tangu hapo kila asubuhi alimuuliza mwanawe nani kaja.

"Wa kahawia," alijibu.

"Hua au shomoro?"

Hakujua. Alizaliwa chini ya sauti zile na hakuwahi kuinua macho. Maswali yakamchosha, akaacha kujibu. Mama naye akaacha kutoka. Macho yalikwenda zamani, masikio yamefuata. Atoke aende wapi? Akakataa chakula, akalala kitandani akikonda kama uzi.

Siku moja akamshika mwanawe mkono.

"Nikiondoka, usiukate. Najua huupendi. Keti nao asubuhi moja moja, utauzoea, na ukishauzoea hutaweza kuugusa. Apa."

Akaapa.

"Nifungulie dirisha. Nisiposikia mimi, wao watanisikia."

Akafungua. Banda jipya la bati lilikuwa limefika hadi ukutani, joto lake likaingia chumbani. Mama akageuza uso huko, akaanza kuita kwa sauti iliyokwaruza.

Mteja alikuwa anasubiri. Mchomelea vyuma akavaa kioo chake, akatoka kwenda kazini.