Vishimo Chini ya Vanishi

Asubuhi nzima Karimi alisugua bunduki ya marehemu baba yake, vanishi nzito itoke kabla hajaipeleka kwenye makumbusho. Alitaka watu wajue kwamba Mzee Mugambi alimnyang'anya askari wa mkoloni bunduki ile msituni, kama alivyowasimulia wanawe tangu utotoni mwao.

Msasa ukafichua ufa kwenye kitako, na kando yake vishimo vilivyozibwa kwa nta. Shangazi yake Kaari, aliyezoea kumwita Tata, akaacha kuchambua maharagwe, akavipapasa.

"Hii ni ya Njura."

"Kaka yenu? Tata, si alikamatwa?"

"Akiwa nayo mkononi. Ufa huu tuliushona kwa waya wa simu. Mimi nilishika, yeye akatoboa kwa msumari wa moto, akinicheka eti nashika bunduki kama nimeshika nyoka."

"Basi baba aliipata wapi?"

"Waliomkamata Njura ndio waliobaki nayo. Wangempa nani, kama si mtu wao?"

Karimi aliuweka msasa chini.

"Pale Njura alipojificha tulipajua mimi na babako tu," Kaari alisema polepole. "Miaka yote hii nimejilaumu, nikidhani askari walinifuata nilipompelekea chakula. Nililia mbele ya babako, Karimi, si mara moja. Akawa ananifuta machozi, ananiambia, 'Dada, Mungu amekusamehe.'"