Viti Vitano, Saa Nzima

Patron Hugues, bosi wetu, aliniita ofisini Jumanne, akafunga mlango, akanipa Fanta. Hapo hapo nikajua mambo yameharibika. Patron Hugues hatoi Fanta ya bure hata kwa mgonjwa.

"Consolée," akasema, "ile meza yako ya poker."

"Imefanya nini?"

"Haifanyi kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Nilitamani kumrushia ile chupa. Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya ile meza, kwenye kasino ya hoteli yetu huku karibu na ziwa, nikichanganya karata na kugawa. Nilipoanza tulikuwa na meza nne, na watu walisubiri kiti wamesimama kama kwa kinyozi siku ya Krismasi. Leo imebaki moja. Vijana wamehamia kubashiri mpira kwenye simu. Wazee wenye magari wanashinda kwenye foleni ya esansi, mafuta ya gari. Waliobaki wamekaa mbele ya mashine kumi na mbili za patron, wanabonyeza, zinalia, zinakula, wanabonyeza tena. Hata hawasalimiani! Mtu anakaa masaa matatu ubavuni mwa mwenzake na hajui kama ana mke.

Poker siyo hivyo. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, tano zinafunuliwa katikati, na kila hatua unaweka jetoni, vile vipande tunavyotumia badala ya pesa, au unatupa karata zako na kujitoa. Unaweza kushinda bila kitu mkononi, mradi wenzako wakuamini. Kwa hiyo lazima mtazamane usoni, na mkitazamana mtaongea, na mkiongea mtacheka. Mi nimeona watu wakigombana kwenye ile meza, wakapatana kwenye ile meza, na mmoja akatafutiwa mke pale pale. Iondoke, halafu mi nibaki nani? Sijui kazi nyingine na sitaki kuijua.

Nadhani patron aliyaona yote hayo usoni mwangu, maana alipunguza sauti. "Bon. Sikiliza. Jumamosi, saa tisa mpaka saa kumi alasiri. Niletee watu watano, wakae saa nzima. Viti vitano vikijaa saa nzima, meza inabaki. Kimoja kikibaki wazi hata dakika mbili, Jumatatu naweka mashine mbili mahali pake."

"Na ukivunja neno lako?"

"Mi ni mutu wa neno, Consolée. Kunywa Fanta."

Wanne nilikuwa nao. Mzee Népomuscène, mpima ardhi mstaafu, anacheza polepole mpaka unaweza kupika maharagwe akifikiria. Bonfils, muuza vipuri, mdomo hauna breki. Byamungu, anavusha mchele kutoka Uvira, mtu wa kwetu, akishinda anaimba. Na Xavier, mtumishi wa serikali anayekaa Gasenyi, kijana mpole wa miwani, muongo hatari kuliko wote pale mezani. Akiwa na karata mbovu anakutazama kwa upole kama katekista, unamwamini, umekwisha.

Wa tano alikuwa Destin. Nikampigia.

"Dada, niko kwenye foleni, siku ya tatu," akasema. "Mbele yangu magari manane. Siondoki hapa hata mama yangu akifufuka."

Nikakata simu, nikamtukana kidogo peke yangu, halafu nikamkumbuka jirani yangu. Nimehamia Ngagara mwaka jana, na nyumba inayofuata anakaa Mama Orlane, mjane, muuguzi mkuu wa zamani, mwanamke wa kanisa kabisa. Lakini ukipita jioni utamkuta barazani na simu, miwani kwenye ncha ya pua, anacheza poker na watu wa dunia nzima asiowajua. Rezo ya simu ikikatika anatoa maneno ya Kirundi ambayo sikutegemea kuyasikia kwa mwanakwaya.

Nilipomweleza, akauliza, "Watu wenyewe? Wenye sura?"

"Wenye sura, Mama. Na wengine sura mbaya."

"Nakuja. Ila nyumbani nitasema naenda kumuona mgonjwa."

Jumamosi saa tisa kasoro dakika tano wanne wangu walikuwa wamekaa. Patron alikuwa kwenye kaunta yake na saa mkononi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Orlane na imvutano, vazi lake la sherehe, mkoba mweupe, viatu vya kung'aa. Hata mashine nadhani zilinyamaza.

Na Xavier akasimama. Hakusimama kama mtu anayempisha mama. Alisimama kama mtu aliyekamatwa na polisi. Miwani ikateleza, jetoni zikaanguka chini.

"Mabukwe," akasema.

Mabukwe! Mama wa mke wake! Nilijua Xavier ana mke, nilijua Mama Orlane ana binti, Orlane, aliyeolewa Gasenyi, lakini wakwe wenyewe wanavyoheshimiana, Xavier haji kwao ila siku za sherehe, na mi sijawahi kumkuta pale hata mara moja. Miaka kumi na moja ya kusoma nyuso, na hili nimeshindwa kulisoma!

"Xavier," akasema Mama Orlane. "Si uko kwenye mazoezi ya kwaya?"

"Na Mama, si... Orlane aliniambia uko kwa mgonjwa?"

Bonfils, mdomo wake ule, akasema, "Basi kaeni, mgonjwa amepona." Mama Orlane akakaa. Na Xavier akakaa, kwa sababu nilimkanyaga mguu chini ya meza. Saa tisa kamili.

Nikagawa. Na hapo ndipo nilipoona msiba wangu ulivyo. Mama Orlane anaweka jetoni mbili, Xavier anatupa karata. Mama anaweka moja, Xavier anatupa. Hamtazami, anatazama kitambaa cha meza kama vile kimeandikwa kitu. Mara moja upepo wa feni ulizigeuza karata alizotupa, nikaona: malkia wawili, na wa tatu alikuwa tayari katikati ya meza! Alikuwa ameshinda, ameshinda kabisa, na ametupa. Byamungu akashika kichwa. Mzee Népomuscène akakohoa.

Nilimuelewa, msidhani sikumuelewa. Mabukwe humnyang'anyi kitu. Mabukwe humdanganyi huku unamtazama machoni; kwanza machoni kwenyewe humtazami. Na poker ndiyo kazi yake yote, kumtazama mtu machoni na kumdanganya. Kijana wa watu alikuwa anatoka jasho mpaka miwani ina ukungu.

Saa tisa na dakika arobaini, Mama Orlane akaweka karata zake chini, akafunga mkoba.

"Mi naenda."

Nikaushika ule mkoba. "Mama, bado dakika ishirini tu!"

"Apana. Huyu mutoto ananilisha kama maskini wa mlangoni mwa kanisa. Kwenye simu, mutu wa Brazili ananifilisi hata bila kusema bonjour, na mi nafurahi, kwa sababu amenihesabu mchezaji. Nimevaa, nimekuja, nimedanganya nyumba nzima, ili nionewe huruma?" Akamgeukia. "Xavier! Unanionea huruma?"

"Apana, Mama. Ni heshima. Siwezi kukudanganya mbele ya macho yako."

"Huwezi? Na kwaya? Umenidanganya kila Jumamosi tangu Pasaka! Niliwaambia wanakwaya wenzangu, mukwe wangu ana sauti nzuri ya besi!"

Bonfils alianguka kwenye meza kwa kucheka. Byamungu anajifuta machozi. Mi sheria hainiruhusu kusema neno lolote juu ya mchezo, mgawaji ni bubu, lakini Mama alikuwa tayari ameshasukuma kiti na patron ameinua macho. Nikapasuka.

"Xavier, mwanaume, cheza! Ukimpenda huyu mama, mnyang'anye!"

Xavier akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa. Na akainua uso. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu harusi kumtazama yule mama moja kwa moja.

"Kaa, Mabukwe," akasema taratibu. "Dada Consolée, gawa."

Mama Orlane akakaa, anatabasamu kama amepewa zawadi.

Jamani, ule mzunguko! Wengine wote walijitoa haraka, wakabaki wao wawili. Mama akaweka, Xavier akaongeza. Mama akaongeza, Xavier akaongeza tena. Watu wa mashine wakaanza kugeuza shingo. Mmoja akaja, wa pili akaja, dada mmoja akaja na viatu mkononi, na nyuma yangu nikasikia watu wanabishana: mama anazo karata nzuri! apana, mukwe ndiye anazo! Karata ya tano ikafunuliwa. Xavier akasukuma jetoni zake zote kwa mikono miwili.

"Tapi," akasema. Zote.

Mama Orlane akamtazama. Akatazama karata zake. Akamtazama tena, muda mrefu, kama anatafuta homa. Na Xavier anamrudishia macho, mpole, katekista kabisa.

"Unazo," akasema Mama, akatupa karata zake.

Xavier akafunua. Saba na mbili. Uchafu! Hana kitu, hana hata harufu ya kitu!

Kelele zilizotoka pale sijawahi kuzisikia tangu enzi za meza nne. Mama Orlane alipiga meza kwa kiganja. "Muongo! Muongo wa kuzaliwa! Na mi nilimpa mutoto wangu!" Alikuwa anacheka mpaka kilemba kimelegea, na Xavier naye anacheka, watu wasiojuana wameshikana mabega. Nikatazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika mbili. Viti vitano, saa nzima. Nikasema kwa sauti, "Asante Mungu!" na wala sikuona aibu.

Patron Hugues alikuja polepole. Hakuitazama meza. Alikuwa anaangalia nyuma yetu, kwenye ukumbi, mashine kumi na mbili zinawaka na kuzimika, na hakuna mtu mbele ya hata moja.

"Umefanya vizuri, Consolée," akasema. "Umefanya vizuri mno. Kwa robo saa mashine zangu hazijala kitu. Hii meza ikiwa hai hivi kila Jumamosi, mi nafunga hoteli."

"Ulisema wewe ni mtu wa neno."

"Nilisema." Alikuwa na aibu, nakiri, hakunitazama. "Kazi unayo, usiogope. Utashika funguo za mashine. Lakini meza inatoka Jumatatu."

Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nilikuwa na maneno, mengi, ya Kifaransa na ya Uvira. Nilichoweza ni kupanga zile karata, kuzinyoosha pembe, kama ninavyofanya kila siku, na machozi yanadondoka juu ya kitambaa na siyafuti. Patron akanyoosha mkono, akazima taa ya juu ya meza.

Mama Orlane akainuka, akaenda dirishani, akavuta lile pazia zito jekundu. Kwenye kasino pazia halifunguliwi, miaka kumi na moja sijawahi kuliona wazi. Vumbi likatuangukia wote, na jua la saa kumi likaingia mpaka mezani. Akarudi, akaninyang'anya karata mkononi.

"Kaa kwenye kiti changu. Mi nagawa."

"Wafanyakazi hawachezi," akasema patron.

"Meza umeshaifunga, Patron," nikamjibu. "Hizi sasa ni mbao tu."

Nikakaa. Nimegawa karata maelfu kwa maelfu, sijawahi kupewa hata mbili zangu. Mama Orlane alichanganya vibaya, nyingine zikaanguka, Bonfils akaziokota. Nikafunika zangu kwa mkono, nikachungulia. Wafalme wawili! Nikazichungulia tena, na tena, kama vile zitakimbia. Wote waliniona, wakajitoa, isipokuwa Xavier. Nikasukuma jetoni zote za Mama.

"Tapi," nikasema, sauti ya mtu mwingine.

Xavier alinitazama na ule upole wake. Nilijua ananihurumia, na nikaogopa kwamba atatupa karata.

"Naona," akasema, yaani anakubali dau, akasukuma zake.

Alikuwa na karata mbili za kumi tu. Nilikuwa mbele yake mpaka karata ya nne. Ya tano ikatoka kumi nyingine, zake zikawa tatu. Akanikusanyia kila kitu, mpaka jetoni ya mwisho, hakunirudishia hata moja, hakusema hata pole. Nikacheka na kulia kwa pamoja, maana pale mezani walikuwa wamenipiga kama wanavyopigana wao kwa wao.

Patron alikuwa bado amesimama pale, mkono kwenye swichi.

"Gawa tena, Mama," nikasema.